Upande wa Barabarani

Walinipigia simu Jumanne, kutoka Kisumu,
watu wa sabuni ya Povujema.
"Wewe ndiye Lihanda, fundi wa mabango?"
Ndiye.
"Unaweza kuandika juu ya plastiki?"
Naweza kuandika hata juu ya maji, nikasema,
mradi nilipwe nusu kabla hayajatulia.

Tangi lilikuwa la lita elfu kumi, jeusi,
limeketi juu ya saruji ambayo haijakauka sawasawa
katika shule ya Emukoyani, mbele kidogo ya Khayega.
Kila mche wa sabuni, shilingi moja kwa watoto:
miezi mitatu redio haikusema jingine.
Nasi tulinunua. Khasandi wangu alifua
hata nguo safi, alifua pazia, alifua gunia,
akiniambia, "Tunachimba kisima kwa povu."

Kijana wa kampuni akasimama ukingoni mwa lami,
akafumba jicho moja.
"Herufi azisome mtu aliye ndani ya basi,
na basi liwe mbioni."
Ndipo nikaelewa kwa nini tangi liko uani mwa barabara
wala si chini ya paa.
Nikapima kwa miguu, kimyakimya: hatua arobaini na mbili
toka ukingo wa mabati hadi mdomo wa tangi.
Sikusema neno.
Fundi wa herufi haulizwi habari za mvua.

Nikaandika POVUJEMA INAJALI, nyekundu juu ya nyeupe,
na chini yake, kama nilivyoagizwa,
Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.
Nyekundu ilibaki nusu kopo. Nikaenda nayo.

Siku ya kukabidhi, lori lilileta maji ya kununua.
Muhonja wa darasa la tatu akaambiwa anywe, acheke,
anywe tena, jua lilikuwa nyuma yake,
anywe tena, kikombe kimeficha jina la sabuni.
Vikombe vitano. Usiku ule tumbo lilimsokota.
Picha ilitoka nzuri sana.

Ijumaa tangi lilikuwa tupu.
Machi mvua ikaja na vishindo vyake,
ikatelemka mabatini, ikakata uwanja, ikavuka lami,
na tangi limekaa pale linasikiliza.

Mwalimu Ayuma aliandika barua. Akajibiwa kwa adabu:
bajeti ilikuwa ya tangi.
Nami nikajua lisiloandikwa kwenye jibu lile:
mlizamu ni mwembamba, hauna pa kutia jina.

Basi daftari likazunguka. Huyu shilingi ishirini,
yule jogoo, yule siku mbili za jasho lake.
Bi. Khavere akatoa mikaratusi sita ya kuegemeza bomba.
Hatua arobaini na mbili, bomba likapita angani
limepindapinda kama mstari wa mtoto anayejifunza kuandika.
Likatema majani kwanza, na mjusi,
kisha likatema maji.

"Waandike," Ayuma akaniambia. "Upande wa jikoni."
Nikaleta ile nusu kopo.
Wengine walitaka majina matatu matatu, na la ukoo.
Bi. Khavere alikataa katakata:
"Nina madeni mimi. Usiniweke wanaponitafuta."
Nikaandika kumi na wanane, na mistari sita mifupi, wima,
bila jina.
Sikudai hata senti.

Ila mkono una mazoea yake.
Pale chini, penye unyevu, herufi ndogo:
LIHANDA MABANGO, na namba ya simu.
Khasandi aliona, akanitazama, akaendelea kuanika nguo.

Mpaka leo wamenipigia wawili.
Mmoja ana bucha huko Malinya.
"Ni wewe uliyeandika yale majina bure?"
Ndiye, nikasema, na kifua kikanijaa kidogo.
Akaniomba nimpunguzie bei.